Mtazamaji wa Mbio za Baisikeli na Deni Lake

Kila penye mashindano pana watu wa namna mbili: wale washindanao na wale watazamao. Wa kwanza twaijua kazi yao, maana jasho lao laonekana. Lakini hao wa pili, wasimamao juani kando ya njia tangu asubuhi, wakingoja kupitwa na kundi la baisikeli kwa muda wa kupepesa macho, kazi yao ni nini? Wako wasemao kwamba hawana kazi yo yote, ni wavivu tu waliokimbia majembe yao. Wako na wengine wasemao kwamba pasipo watazamaji hapana mbio. Sisi twaona kuwa swali hili halifai kupitwa upesi, kwa sababu ndani yake limo swali kubwa zaidi: mtu aweza kumsaidiaje mwenziwe katika jambo ambalo mwenziwe hana budi kulitenda mwenyewe? Wasomaji walio wazazi au walimu watatambua mara moja kwamba hilo si swali la baisikeli peke yake.

Yatupasa kueleza kwanza ni mbio zipi tunazozinena. Hatuneni habari za waendeshaji mashuhuri walipwao mishahara, wenye waganga, wapishi na magari ya kuwafuata nyuma. Twanena mbio za ridhaa, yaani za watu washindanao kwa kupenda, ambao Jumatatu hurudi kazini kwao kama watu wengine. Katika nchi zetu watu hao twawajua vizuri. Huko Mwanza na Shinyanga mbio za baisikeli ni furaha ya wengi, na katika nchi ya Wasukuma baisikeli yenyewe ni kama punda wa nyumba: hubeba gunia la mpunga, madumu ya maji, hata mgonjwa apelekwaye hospitali. Kenya nako, mara nyingi mashindano hutengewa kundi la baisikeli nzito nyeusi ziitwazo Black Mamba, zisizo na gia, zile zile za kubebea mizigo. Na jina la boda boda, ambalo siku hizi ni la pikipiki, lilianza kwa vijana waliovusha abiria kwa baisikeli mpakani mwa Kenya na Uganda. Kwa hiyo asimamaye kando ya njia hapa kwetu hatazami kitu kigeni. Anajua jinsi kilima kile kinavyouma, kwa kuwa yeye mwenyewe hukipanda na mzigo kila siku ya soko.

Hata hivyo liko jambo moja ambalo mtazamaji mpya halioni upesi. Katika njia tambarare adui mkubwa wa mwendesha baisikeli ni upepo. Akijificha nyuma ya mwenziwe, karibu sana na gurudumu lake, aweza kupunguziwa yapata theluthi ya kazi, maana yule wa mbele humkatia upepo. Ndiyo sababu waendeshaji hushikamana kama nyuki. Mtu akiachwa na kundi, hata kwa hatua chache tu, amekwisha poteza ngao yake. Sasa hana budi kuubeba upepo wote peke yake, na huku nguvu zimemwishia. Katika mbio za kuzunguka mji mara nyingi, mtu aliyeachwa hupita mbele ya watu wale wale tena na tena, kila mara akiwa nyuma zaidi, mpaka pengine waamuzi humtoa njiani asije akawazuia wenziwe. Yule wa mbele ana rafiki wa kumkatia upepo, ana tumaini la zawadi, ana jina litakalotangazwa. Huyu wa nyuma hana kitu ila wale watu walio kando ya njia. Basi hapo ndipo tunapoanza kuona mahali pa mtazamaji.

Mtu mwenye huruma atasema, “Kama ndivyo, kwa nini tusimsukume? Kilima ni kirefu, mikono tunayo.” Na kweli katika mbio nyingi watu wamejaribu kufanya hivyo. Lakini sheria za mchezo zakataza watazamaji kuwasukuma waendeshaji, na anayejitakia kusukumwa aweza kuadhibiwa. Zamani sheria hiyo ilikuwa kali kupita kiasi, na iko habari moja ya kweli ambayo haijasahauliwa hata leo.

Mwaka 1913, katika mbio za kuizunguka Ufaransa, alikuwako mwendeshaji mmoja aitwaye Eugène Christophe, aliyetazamiwa kushinda. Alipokuwa akiteremka mlima Tourmalet, uma wa mbele wa baisikeli yake, ule ambao mafundi wetu huuita foko, ukavunjika. Sheria ya siku zile iliamuru kila mtu atengeneze chombo chake mwenyewe, asisaidiwe na mtu. Christophe akaitwika baisikeli begani, akashuka kwa miguu zaidi ya kilomita 10 mpaka kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaingia katika kiwanda cha mhunzi. Mhunzi akamwonyesha la kufanya kwa maneno tu. Christophe akaufua uma wake kwa mikono yake mwenyewe, waamuzi wakiwa wamesimama wakimtazama kwa muda wa saa kadhaa. Lakini mtu mwenye mikono miwili hawezi kushika chuma, kupiga nyundo na kuvuta mivukuto kwa wakati mmoja. Mtoto mdogo akamvutia mivukuto. Kwa kosa hilo Christophe akaongezewa dakika 10 juu ya saa zile alizozipoteza. Baadaye zikapunguzwa zikawa 3. Akaendelea na safari, na mbio zilipokwisha Paris alikuwa mtu wa 7.

Wengi waisomapo habari hii huwachekea wale waamuzi, wakasema walikuwa watu wasio na moyo. Sisi nasi twaona kwamba adhabu ile ilikuwa nzito bila sababu, na sheria yenyewe imelegezwa tangu zamani: katika mbio kubwa za leo magari hufuata yakiwa na magurudumu na baisikeli za akiba. Lakini chini ya ukali ule limelala jambo la haki lisilofaa kutupwa pamoja nao. Thamani ya mbio ni kwamba kazi ni ya mtu mwenyewe. Kama tungemsukuma yule mnyonge mpaka kileleni, angefika kweli, lakini kufika kule kungekuwa kwetu. Angepokea makofi yetu akijua moyoni kwamba tunajipigia wenyewe. Tumempa kilima, tumemnyang'anya kupanda kwake.

Tena angalieni, mhunzi hakuadhibiwa kwa maneno yake. Aliruhusiwa kusema, “Fanya hivi, kisha hivi.” Mkono wa mtoto ulihesabiwa kuwa kosa, ulimi wa mzee haukuhesabiwa. Watunga sheria wale, pengine pasipo kuwaza sana, waliuweka mpaka mahali ambapo hata sisi tungeuweka. Mkono wa mgeni huingia katika kazi na kuichukua. Sauti haiwezi kuichukua; yaweza tu kumfikia mtendaji, naye aitumie au aiache. Basi mtazamaji amenyimwa mkono, ameachiwa sauti. Inabaki kuuliza kama sauti hiyo ni kitu, au ni kelele tu.

Watu wenye elimu wamelichunguza jambo hili, na ajabu ni kwamba baisikeli ndizo zilizowaanzisha. Mwaka 1898 Mmarekani mmoja, Norman Triplett, aliandika jinsi alivyopitia hesabu za mwendo wa waendesha baisikeli, akaona kwamba waliokwenda pamoja na wengine walikuwa wepesi kuliko waliokwenda peke yao wakishindana na saa. Akataka kujua kama sababu ni upepo tu, au pia ni moyo. Akachukua watoto 40, akawapa kazi ya kuzungusha gurudumu dogo la uzi, mara mtoto peke yake, mara pamoja na mwenziwe. Watoto 20 walizidi wepesi walipokuwa na mwenzao. 10 hawakubadilika sana. Na 10 wakaharibikiwa kwa sababu ya wasiwasi. Walimu hawatastaajabu, maana darasani mwetu watoto wa namna hizo tatu tunao kila siku.

Yale ya Triplett yalihusu washindani wenyewe. Juu ya watazamaji, alitokea mtaalamu mwingine, Robert Zajonc, ambaye mwaka 1965 alikusanya majaribio mengi akatoa neno hili: kutazamwa humsaidia mtu katika jambo ambalo amekwisha lizoea, lakini humvuruga katika jambo ambalo bado anajifunza. Miaka 4 baadaye yeye na wenziwe walilijaribu hata kwa mende. Mende waliotazamwa na mende wenzao walikimbia upesi zaidi katika njia iliyonyoka. Lakini njia ilipokuwa na kona ya kuchagua, walichelewa. Msomaji aweza kucheka, nasi hatumkatazi. Lakini somo limo. Yule apandaye kilima alichokizoea, mpigie kelele, itamfaa. Yule kijana anayeshindana kwa mara ya kwanza, anayejifunza kukata kona katikati ya watu, mwonee huruma, kelele nyingi za mashauri, huyu “kushoto!”, huyu “kaza!”, huyu “shika breki!”, zaweza kumwangusha. Sauti ina nguvu, na kitu chenye nguvu kina kiasi chake.

Tupate mfano wa mtu wa ridhaa hasa. Katika Uingereza alikuwako mwanamke aitwaye Beryl Burton, aliyefariki mwaka 1996. Alifanya kazi ya shamba huko Yorkshire, wala hakuwa mwendeshaji wa kulipwa hata siku moja, naye alikuwa bingwa wa dunia mara 7. Mumewe, Charlie, ndiye aliyemwingiza katika mchezo huo, kisha akawa fundi wake na dereva wake wa kumpeleka mashindanoni. Mwaka 1967 Burton aliingia katika mbio za saa 12, ambazo kila mtu huondoka peke yake kwa zamu, na ni marufuku kujificha nyuma ya mwenzako. Siku ile alikwenda maili 277.25, yaani kilomita 446, akawapita hata wanaume wote. Mwanamume mmoja, Mike McNamara, alikuwa siku hiyo hiyo akiivunja rekodi ya wanaume; naye alifikiwa njiani na mwanamke huyu. Burton alipokuwa akimpita, akanyosha mkono, akampa peremende. McNamara akaipokea.

Twaipenda habari hii kwa sababu mbili. Ya kwanza ni yule Charlie. Saa 12 ni muda mrefu, na mtu aliye peke yake barabarani hajui kama anashinda au anashindwa ila aambiwe na walio kando. Mumewe hakuweza kukanyaga hata mara moja kwa niaba yake. Lakini nani atasema kwamba hakuwa na sehemu katika kilomita zile 446? Ya pili ni ile peremende. Hapo mshindani mwenyewe alikuwa mtazamaji kwa kitambo kidogo; alimwona mwenziwe amechoka, akampa kitu kidogo kisichoweza kubadili mbio, lakini kilichosema, “Nimeona kazi yako.” Kutoa ni moyo, wala si utajiri.

Sasa tuje kwenye jambo gumu. Sauti yaweza kusaidia. Je, yaweza kusema uongo ili isaidie? Kila aliyesimama kando ya mbio amelisikia neno hili: “Bado kidogo! Umefika!” Nalo husemwa mahali po pote, hata penye kilomita 20 zilizosalia. Msemaji hana nia mbaya. Amemwona mtu anateseka, akamtupia neno la kwanza lililo tamu. Wengi watasema, uongo huo una madhara gani?

Sisi twaona una madhara, na ni haya. Mtu aliyechoka hugawa nguvu zake kama mama agawavyo unga wa mwisho kabla ya mavuno. Akiambiwa kwamba mavuno ni kesho, ataupika wote leo. Akikata kona na kuona kilima kingine mbele yake, hapo hana nguvu wala hana imani. Na sauti ya pili itakayomwambia kweli hataisadiki tena. Hasara haikumpata yeye tu, imewapata na watazamaji wote waliosimama mbele, ambao maneno yao yameharibiwa kabla hawajayasema. Basi kama hujui umbali, usiutaje. Sema lililo kweli, nayo kweli haikosekani: “Unaendelea vizuri,” kama anaendelea vizuri, “Umeachwa kwa dakika mbili,” kama umehesabu, “Kilima hiki kina kona tatu,” kama ni kilima chako. Na kama hakuna la kusema, jina lake latosha. Mtu aliye katika shida, akisikia jina lake likiitwa na mtu anayemjua, huinua kichwa.

Hapo twalikuta swali jingine: aitwe nani? Wahenga wamesema, mcheza kwao hutuzwa, wala si dhambi mama kumshangilia mwanawe kuliko wana wa wengine. Alikuja kwa ajili yake, alimpikia usiku, kama angepiga makofi sawasawa kwa watu wote, tungemstaajabia. Upendo huanza na mtu mmoja mwenye jina. Lakini yule mama akiisha kumwona mwanawe amepita, akakunja mkeka wake na kwenda zake, na huku wanakuja wana wa watu wengine ambao mama zao wako mbali, hapo twasema kazi yake ameiacha nusu. Kumpenda wako kulimleta njiani. Basi akiwa amekwisha fika njiani, na abaki.

Mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baisikeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika. Hayo hayakuwa mashindano ya ridhaa, lakini yametufundisha jambo. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5, juu ya vilima vya mji ule, na Tadej Pogačar wa Slovenia ndiye aliyeshinda. Walioondoka walikuwa zaidi ya 150. Waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Fikirini hesabu hiyo. Mtu aliyekwenda kumtazama mshindi peke yake alimwona kwa sekunde chache katika kila mzunguko, kisha akabaki na siku nzima isiyo na maana. Lakini aliyekwenda kutazama mbio aliwaona watu zaidi ya mia wakishindana na jambo lililowazidi, kila mmoja akiamua kwa wakati wake kama ataendelea au ataacha. Kama walioshindwa ndio wengi kuliko wote hata katika mbio za mabingwa, sembuse katika mbio zetu ndogo? Mtazamaji asiyejua kumtazama aliyeshindwa hajui kutazama mbio.

Kumshangilia wa mwisho si kumdhihaki. Twalisema hili kwa sababu iko sauti nyingine ifananayo na hiyo, nayo ni ya kicheko. Mzee anapita amechoka juu ya baisikeli yenye keria, watu wanapiga vigelegele huku wamejishika mbavu. Yeye hajui kama ameheshimiwa au amechezewa. Lakini mara nyingi anajua. Tofauti haiko katika maneno, maana maneno yaweza kuwa yale yale. Iko katika hili: je, ungeyasema kwa sauti hiyo hiyo kama huyo angekuwa baba yako?

Penye wengi pana mengi, na watazamaji wamefanya maovu pia. Tutataja matatu katika mbio za kuizunguka Ufaransa, kwa kuwa habari zake zimeandikwa na kujulikana, ingawa tabia hizo hizo zaonekana hata katika mbio za kijijini. Mwaka 1904, karibu na mji wa Saint-Étienne, watu waliompenda mwenyeji wao, Antoine Fauré, walimwacha apite usiku ule, kisha wakawaangukia wenziwe kwa fimbo na mawe. Mwaka 1975, Eddy Merckx alipokuwa akipanda mlima Puy de Dôme, mtazamaji mmoja akampiga ngumi ya ubavu. Na mwaka 2021, tarehe 26 Juni, mtazamaji mmoja alishika ubao wenye salamu za kuwapelekea babu na bibi, akaugeuza kwenye kamera, akiwapa mgongo waendeshaji waliokuwa wakija. Tony Martin akaugonga, akaanguka, na makumi ya wenziwe wakaanguka juu yake.

Wa kwanza walipenda mno mtu wao. Wa pili alichukia mno mtu wa wengine. Makosa hayo mawili ni ya zamani kama dunia, na kila mtu huyatambua. Lakini hilo la tatu ladai kufikiriwa zaidi, kwa sababu aliyelitenda hakumchukia mtu. Alikuwa na furaha. Kosa lake lilikuwa dogo sana kulitaja: aligeuka. Alikuja kutazama, akatamani kutazamwa. Na kosa hilo ndilo linalotujia sisi sote kwa urahisi, hasa siku hizi ambapo kila mkono una simu ya kupigia picha. Asimamaye katikati ya njia ili apate picha yake pamoja na washindani, amepokea zawadi ya mbio bila kukimbia, naye huenda akamvunja mtu mguu. Ubaya wa watazamaji wengi si uadui. Ni kusahau kwamba leo si siku yao.

Labda msomaji mmoja atatuuliza, “Ninyi mwasifu kusimama na kupiga kelele; je, si afadhali mtu apande baisikeli mwenyewe?” Twajibu, apande, kama aweza. Lakini maisha ya mtu hayana nafasi ya kushindana katika kila jambo. Yako mambo machache ambayo sisi ni waendeshaji, na mengi ambayo hatuna budi kuwa watazamaji: ndoa ya ndugu, ugonjwa wa jirani, mtihani wa mtoto. Hatuwezi kuugua kwa ajili ya mgonjwa, wala kujibu maswali kwa ajili ya mtoto. Anayedhani kwamba msaada ni ule wa mkono peke yake, ataona kwamba kila mahali hapo hana la kufanya. Ama atakwenda zake, ama ataingiza mkono wake pasipofaa.

Sisi walimu twayaona yote mawili. Yuko mzazi afanyaye hesabu za mwanawe usiku, kisha hufurahi mtoto anapopata alama njema. Huyo ndiye amsukumaye mwendeshaji kilimani. Yuko na mwingine asemaye, “Shule ni kazi yake, mimi sikusoma,” wala hajui hata mtoto yuko darasa la ngapi. Huyo ndiye aliyebaki nyumbani siku ya mbio. Kati yao yuko mzazi wa tatu, ambaye pengine hajui kusoma hata herufi moja. Jioni humwashia mtoto taa, huketi karibu naye na kazi yake ya kusuka ukili, na mtoto akiguna humwuliza, “Umefika wapi?” Hamwambii kwamba hesabu ni rahisi, maana hajui. Hamwambii kwamba amekwisha maliza, maana bado. Anamwuliza tu alipofika, kisha hungoja pale pale. Watoto wa mzazi huyo twawajua. Si wote wapatao alama za juu, lakini hawaachi upesi.

Basi, ndugu wasomaji, deni la mtazamaji ni dogo, walakini ni deni la kweli. Mshindani amemfanyia jambo: amemwonyesha waziwazi, katika mwili wake, kazi ambayo watu wengi huifanya kwa siri, yaani kuendelea wakati moyo unasema acha. Malipo ya kuonyeshwa hayo ni mambo machache. Asimame mahali pasipo na hatari, mkono wake auweke kwake, ila wa kumpa mtu maji mahali paliporuhusiwa. Aseme lililo kweli. Asijigeuze mbele ya kamera. Na asiondoke kabla wa mwisho hajapita. Na huyo apitapo, mtu mmoja aliye kando ya njia na awe analijua jina lake.